Nimejaribu mchezo wa mpira wa sponji kwenye uwanja wa pikoboli. Wakuu, nimecheza kama mtoto

Mbeba Boksi wa Kent (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, tutakutana kwenye nyuzi za siasa.

Nipo Kent, jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle. Kazi ni ile ile mnayotutania nayo: ghala, maboksi, zamu ya usiku. Jumamosi asubuhi nikitoka kazini usingizi hauji mpaka mwili uchoke vizuri, ndiyo maana nikaanza kwenda bustani ya jirani kucheza pickleball. Wabongo wa huku tunaiita pikoboli na maisha yanaendelea.

Kwa asiyeijua: uwanja ni mdogo, futi 44 kwa 20, yaani mita 13.41 kwa 6.10. Mnapiga kwa kibao kigumu kisicho na nyuzi, mpira wa plastiki wenye matundu kama chujio la chai. Neti ni sentimita 91 kwenye nguzo na 86 katikati. Kila upande wa neti kuna eneo la mita 2.13 linaloitwa jikoni. Mchezo ulizaliwa jimbo hili hili, mwaka 1965, kisiwa cha Bainbridge. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani wakakuta familia imekaa imechoka haina la kufanya. Walikuwa na uwanja wa zamani wa vinyoya (badminton) ila vifaa havikutimia, wakaokoteza vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, watoto wakaanza kupiga. Machi 2022 jimbo likaufanya mchezo wake rasmi. Kuishi huku hujui pikoboli ni kama kuishi Kilwa hujui pweza.

Siku yangu ya kwanza bibi mmoja mwenye kofia ya njano, umri wa mama yangu, alinifunga 11 kwa 2. Hakutoka jasho. Mimi nilikwenda kukaa kwenye benchi na taulo usoni, watu wakadhani nalia.

Sasa niwarudishe nyuma. Miaka ya tisini nilikuwa muokota mipira kwenye klabu moja ya tenisi Dar, jina naliacha. Tulikimbiza mipira ya wanachama jioni nzima kwa ujira wa chapati mbili na nauli ya kurudi Buguruni. Kwenye uwanja wenyewe hatukuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Wanachama wakishaondoka tulichukua raketi zilizokatika nyuzi, tukaziba kwa kamba za viatu, tukawa tunapiga ukuta wa nyuma ya stoo mpaka mpira hauonekani. Fohendi yangu yote, lile pigo la upande wa mkono wa raketi, niliisomea kwa ule ukuta, na doa lake naamini bado lipo.

Nina miaka 46. Goti la kulia linalia kama bawaba ya mlango wa banda. Uwanja wa tenisi nikiutazama leo naona Jangwani siku ya mkutano, nitaukimbia saa ngapi? Pikoboli imeninusuru kwenye kukimbia, lakini kuna kitu haikunipa. Kibao kinagonga plastiki, ta! Basi, mpira umeshaondoka. Ule muda kidogo ambao mpira unazama kwenye nyuzi, ukauhisi mkononi, ndipo ukautuma unakotaka, haupo.

Mwezi uliopita nikapita duka la mitumba, nikakuta raketi mbili za watoto za inchi 21, dola 4 zote mbili, moja ina katuni ya samaki. Mwanangu wa kike ana miaka tisa. Nikaongeza pakiti ya mipira ya sponji. Mpira wenyewe ni mkubwa kidogo kuliko wa tenisi, mwepesi, ukiubonyeza kidole kinazama. Jumamosi saa moja asubuhi tukaingia uwanja wa pikoboli hakuna mtu.

Wakuu, nilipiga wa kwanza kwa nguvu ya kiume. Kwa raketi ya tenisi na mpira wa kawaida ule ungevuka uzio ukaangukia barabarani. Huu ukapaa, ukakumbuka kitu hewani, ukapunguza mwendo, ukashuka ndani ya mstari. Sauti yake ni puf, kama mtu anakung'uta mto. Binti akaurudisha. Nikaurudisha. Akawa anahesabu kwa Kiswahili maana nimemlazimisha, na yeye akipita ishirini na tisa huwa anasema "ishirini na kumi". Tulifika ishirini na kumi na moja. Kwa vile mpira unakaa hewani muda mrefu na eneo la kukimbia ni dogo, nilikuwa na nafasi ya kuzungusha mkono wote kutoka kiunoni mpaka juu ya bega la pili. Fohendi ile ile ya nyuma ya stoo. Sijaipiga miaka karibu thelathini.

Nimekuja kujua baadaye kwamba sijavumbua chochote. Uingereza kuna touchtennis: raketi ya inchi 21, mpira wa sponji wa sentimita 8, neti ya sentimita 80. Alianzisha Rashid Ahmad akicheza na bintiye. Na hapa Marekani Steve Bellamy, yule aliyeanzisha chaneli ya tenisi, katoa kitu kinaitwa TYPTI, raketi ya nyuzi na mpira wa sponji juu ya uwanja huu huu wa pikoboli.

Swali langu kwa wajuzi: huu ni mchezo kamili wa mtu mzima, au nimezeeka nacheza tenisi ya watoto na sitaki kukubali?

Kigoda cha Mbele

Nimeweka kigoda. Ila raketi ya samaki bila picha ni hadithi.

Mzee wa Hoja

Chai hii. Sehemu ya raketi naikubali, sehemu ya bibi siikubali. Mtu amebeba maboksi usiku kucha, kifua hiki, halafu bibi wa sabini anamfunga 11-2? Alikuwa na nini, hirizi?

Mbeba Boksi wa Kent

Mzee wa Hoja, njoo umkute. Hana hirizi, ana subira.

Nikueleze alivyonifanya. Yeye anasogea mpaka kwenye mstari wa jikoni na kusimama hapo kama mwenye duka. Mimi napiga kwa nguvu kutoka nyuma, yeye anaweka kibao tu, mpira unadondoka kwa upole jikoni kwangu. Ile plastiki ikidunda haipandi. Nakwenda kuichota chini ya magoti, na ukichota kutoka chini lazima upige kwenda juu. Ukipanda juu ya neti, yeye ndiyo kazi aliyokuwa anaingoja. Halafu anayeanzisha ndiye peke yake anayepata pointi. Mimi kila nikipata nafasi ya kuanzisha naipoteza kwa papara, yeye anairudia, anaongeza moja, anaomba radhi, anaongeza nyingine.

Mabavu pale hayana soko.

Mswahili wa Nyali

Asalaam aleikum jamaa wa bara na wa ng'ambo.

Mleta uzi, hapo kwa vipimo umenishtua. Futi 44 kwa 20 si ndiyo uwanja wa vinyoya, ule wa wawili wawili? Mimi nimecheza vinyoya Mombasa toka n'na miaka kumi, kwenye kumbi za jamaa zetu Wahindi. Ni ule ule! Tofauti ni neti: ya vinyoya iko juu, mita moja na nusu na kitu, na mstari wa mbele wa vinyoya uko futi 6 na inchi 6 kutoka neti, huo wenu wa jikoni futi 7. Kwa hivyo penye uwanja wa vinyoya mtu ateremshe neti tu, kazi imeisha. Ami yangu mwaka jana alitaka kulipa mtu aje amchoree uwanja mpya. Nimemtumia uzi huu asome kwa makini.

Swali: hilo jikoni, mtu haruhusiwi kuingia kabisa?

Kigoda cha Mbele

Jikoni ni kwa mama mkwe. Ukiingia umekwisha.

Mbeba Boksi wa Kent

Hapana, watu wengi hukosea hapo, nami nilikosea wiki mbili. Kuingia ingia utakavyo. Kinachokatazwa ni kupiga mpira kabla haujadunda wakati mguu wako uko jikoni au umekanyaga mstari wake. Na hata ukipiga ukiwa nje, kasi yako ikakusukuma ukaangukia ndani, ni kosa, hata kama mpira umeshakufa upande wa pili. Ukidunda ndani, ingia, piga, toka.

Sisi kwenye sponji jikoni tumelifunga. Piga popote. Mpira ni mwepesi, hata ukikupata usoni unacheka. Kusevu, yaani kuanzisha mpira, tunasevu kwa juu kama tenisi. Tenisi unapewa nafasi mbili, sisi tunapeana moja. Mpira ukigusa neti ukaingia, mchezo unaendelea. Pointi tunahesabu kama tenisi; wakifungana arobaini kwa arobaini inapigwa moja ya kifo, anayeipata kachukua gemu. Gemu nne ni seti.

Nesi wa Zamu

Kaka Mbeba Boksi, hongera kwa kumfundisha mtoto kuhesabu. Nipo Minneapolis, nahudumia wazee, na niseme jambo moja maana naona watu wa miaka arobaini na kitu wanasoma huku wamevua mashati tayari.

Huu uwanja mdogo unadanganya. Mtu anajiambia hakuna kukimbia, kwa hiyo anaingia na raba za kukimbilia, hajapasha misuli, katoka kukaa kwenye gari. Raba za kukimbilia zimeundwa kwenda mbele, soli ni nene na laini, kifundo kikiyumba pembeni hazikushikilii. Na kwenye uwanja huu kila kitu ni hatua mbili za ghafla kwenda pembeni au mbele. Nyama ya nyuma ya mguu na ule mshipa wa kisigino vinafanya kazi ambayo havikuifanya toka uko shule. Mgonjwa mmoja aliniambia aligeuka kumtazama aliyempiga teke, kumbe nyuma hakuna mtu. Ulikuwa ni mshipa wake umekatika.

Na kosa lingine: mpira wa juu, mtu anarudi kinyumenyume huku anautazama. Usirudi kinyumenyume. Geuka, kimbia, kisha tazama. Wazee wangu waliovunjika vifundo vya mikono wengi walianguka hivyo hivyo.

Kwa hiyo kaka, umetoka zamu ya usiku, macho mazito, goti bovu. Dakika kumi za kupasha. Usinijibu kwamba kubeba maboksi ni mazoezi.

Mbeba Boksi wa Kent

Dada nilikuwa naandika hivyo hivyo nikafuta. Asante.

Mtoto wa Kariakoo

Samahani niharibu sherehe. Kila mwaka inaletwa michezo ya vibao na neti, na kila mwaka ni ya wenye nazo. Leo padeli, kesho pikoboli, keshokutwa sponji. Uwanja wenyewe unajengwa ndani ya geti, getini kuna mlinzi, na kwa mlinzi kuna daftari la wageni. Sisi tutakuja kuokota mipira kama ulivyookota wewe. Umesahau ulikotoka?

Mbeba Boksi wa Kent

Mkuu, swali halali, na limenikaa koo siku mbili ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Sijasahau. Ila tazama alichofanya Barney McCallum, wa tatu katika wale waanzilishi. Vibao vya mpira wa meza vilikuwa vidogo na havidumu, akaenda kwenye msumeno wake nyumbani akakata vibao vya plaiwudi. Mchezo ulikua kwa plaiwudi miaka mingi kabla ya kuja hivi vibao vya nyuzi za kaboni ambavyo vijana huku wananunua kwa dola mia mbili na zaidi. Bibi wa kofia ya njano bado ana cha mbao. Alinifunga kwa hicho.

Uwanja ni mistari minne na mingine michache kati. Saruji yoyote iliyonyooka inatosha. Kwa eneo la uwanja mmoja wa tenisi, pamoja na nafasi za pembeni, unapata vinne vya pikoboli. Tenisi inachezesha wanne, hapo wanacheza kumi na sita. Geti na daftari la wageni ni hiari ya mtu.

Mwalimu wa Michezo

Nisaidie kujibu lile swali la kwanza, maana watu wameliacha barabarani.

Mimi ni mwalimu wa msingi, mkoa sitataja. Mpira wa sponji na raketi fupi si kitu cha kudharau. Shirikisho la tenisi la dunia, ITF, mwaka 2007 lilianzisha kampeni ya kufundishia watu kwa mipira ya polepole na viwanja vidogo, na kuanzia 2012 likaweka kanuni kwamba mashindano ya watoto wa miaka kumi kushuka chini yasitumie mpira wa kawaida. Uwanja wa hatua ya kwanza, wanayoiita nyekundu, ni kama mita 11 kwa 5.5. Yaani unalala vizuri ndani ya huo wa pikoboli.

Sababu ni mdundo. Mpira wa kawaida wa tenisi ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu unatakiwa urudi 135 mpaka 147. Wa sponji unarudi 85 mpaka 105. Mtoto wa miaka minane mpira wa kawaida unampita juu ya kichwa, kwa hiyo anajifunza kupiga kama anayefukuza nyuki. Wa sponji unamfika kiunoni, pale pale mkono unapotakiwa upite.

Sasa kwa nini mtu wa miaka 46 afaidike? Kwa sababu hiyo hiyo. Goti lake na la mtoto wa miaka minane yana shida tofauti na dawa moja. Ni tenisi ya watoto? Ndiyo. Ni mchezo kamili? Ndiyo. Hata kipira cha makaratasi ni mpira wa watoto, na ndio uliowatoa wachezaji wetu wote.

Shida yangu mimi ni nyingine: nina wanafunzi sitini kwenye kipindi na raketi mbili za msaada, moja haina kamba.

Fundi Mbao Moro

Wazee, nimesoma kimyakimya mpaka kwenye plaiwudi, hapo nimesimama.

Mimi ni seremala, Morogoro. Nipeni kipimo cha kibao.

Mbeba Boksi wa Kent

Fundi karibu. Kanuni ya pikoboli: urefu na upana ukijumlisha visizidi inchi 24, na urefu peke yake usizidi 17. Wengi hukata urefu wa 16 kwa upana wa 8, mshikio ukiwa ndani ya huo urefu, kama inchi 5. Plaiwudi nyepesi, ukipata ya milimita 7 au 8 inatosha. Msasa pembeni vizuri, mshikio uzungushie mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande virefu.

Ila kwa sponji kibao cha mbao hakifai sana, nimejaribu. Mpira unabonyea kwenye mbao halafu unadondoka kama mgonjwa. Sponji inataka nyuzi.

Fundi Mbao Moro

Sponji ninayo. Napasua makochi kila siku. Nitarudi.

Mbeba Boksi wa Kent

Wakuu, taarifa ya wiki ya pili.

Pale uwanjani zamu hushikwa kwa kibao. Kuna ubao wa mbao kwenye uzio umetobolewa nafasi, unachomeka chako kwenye foleni, wakimaliza waliomo wanne wa mbele wanaingia. Unaweza kuwa daktari au mfagizi, kibao chako kikiwa cha kumi na tatu wewe ni wa kumi na tatu. Basi Jumamosi nimefika saa tatu na kitu, watu kama ishirini. Nikachomeka raketi ya samaki kati ya yale makaboni meusi. Jamaa mmoja mrefu akaishika, akaigeuza, akauliza kwa sauti ni mtoto gani kasahau raketi yake. Nikainua mkono. Watu wakacheka mpaka waliokuwa wanacheza wakasimama.

Zamu yangu ikafika. Watatu waliotakiwa kuingia na mimi wakatazamana. Aliyevunja ukimya ni bibi wa kofia ya njano. Akaniuliza una nyingine ya hiyo? Nikampa ya binti.

Dakika tano za kwanza alicheza pikoboli: anasogea mbele, anaweka kwa upole. Lakini sponji ikiwekwa kwa upole inadunda ikapanda, siyo plastiki. Nikawa nafika, nazungusha mkono, mpira unaruka juu ya kichwa chake na kushuka ghafla nyuma yake kwa ule mzunguko wa nyuzi. Seti ya kwanza nikashinda 4 kwa 1. Mzee wa Hoja unaweza kuiandika mahali.

Ya pili akaacha kusogea. Akarudi nyuma, akaanza kupiga na yeye, na ikatoka bekhendi, pigo la upande wa pili, ya mkono mmoja ambayo sijapata kuiona toka wale wanachama wa klabu. Kumbe alicheza tenisi ujanani, mabega yakamwachisha. Akanifunga 4 kwa 3. Tulipomaliza alinirudishia raketi, akabonyeza ule mpira mara tatu nne kabla hajaniachia.

Kuna jambo jingine. Bustani yetu imezungukwa na nyumba, na ile ta-ta-ta ya plastiki imewachosha majirani. Limewekwa bango, hakuna pikoboli kabla ya saa tatu asubuhi. Nikiwalaumu nitakuwa mnafiki, mimi nalala mchana, na mchana nasikia ta-ta-ta mpaka ndotoni. Huku ugomvi huu uko kila mji, watu wamepelekana mahakamani, hadi chama chao cha USA Pickleball mwaka 2023 kikaanzisha kundi la vifaa vya kimya. Sisi na sponji tumecheza saa moja asubuhi Jumapili. Akaja mhudumu wa bustani, akasimama, akategesha sikio, akasoma bango, akatusikiliza tena, akaenda zake.

Ubaya nao niseme. Mvua. Huku kunyesha ni tabia ya hewa. Sponji ikilowa inakunywa maji, inakuwa nzito kama kitumbua kilichodondokea chai, ukiipiga inakurushia maji machoni. Na upepo: plastiki inayumba, sponji inahama kabisa. Jumapili nilipiga mmoja ukaenda uwanja wa pili, jamaa mrefu akaupiga kwa kibao chake. Akaangalia kibao, akaangalia mpira. Jumamosi ijayo anataka aazime raketi.

Mzee wa Hoja

4 kwa 1 nimeiandika. 4 kwa 3 nimeipigia mstari.

Mswahili wa Nyali

Ami kasoma uzi wote. Kaenda ukumbini kateremsha neti ya vinyoya, katia fundo katikati ifike sentimita mia kasoro. Wenyewe wa vinyoya wamenuna. Wakaafikiana: Jumatatu vinyoya, Jumatano sponji. Mipira mpwa wake anakuja nayo kutoka Muscat mwezi huu. Mama yangu mdogo amesema akija na mipira bila halua asilete.

Mtoto wa Kariakoo

Huko ukumbini kwa Ami kuna daftari la wageni?

Mswahili wa Nyali

Kuna birika la kahawa. Njoo.

Fundi Mbao Moro

Nimerudi na aibu.

Nilichukua sponji ya kochi, ile ya njano, nikaikata duara kwa kisu cha mkate, nikaisawazisha kwa mkasi. Kwa macho ilipendeza. Nikaiangusha kutoka juu ya fremu ya mlango kama alivyosema Mwalimu. Ikarudi usawa wa kifundo cha mguu. Nikajaribu ya godoro gumu, ile wanayosema haibonyei, ikafika nusu ya ugoko. Nikaunganisha tabaka kwa gundi ya viatu, ikawa upande mmoja inadunda, upande mwingine inalala. Watoto wangu wamepata vitu vya kurushiana, mimi sina mpira.

Raketi nimefanikiwa zaidi. Fremu ya mninga niliipinda kwa mvuke wa sufuria, nyuzi nimetumia nailoni ya kuvulia. Nimeivuta mpaka inalia nikiipiga kwa kidole.

Mwalimu wa Michezo

Fundi, sponji ya kochi imetengenezwa kumeza uzito wa mtu ili akikaa asiruke. Imefanya kazi yake.

Achana nayo. Tafuta mipira ya tenisi iliyokwisha, ile ambayo klabu wanaitupa au watu wanawapa mbwa wachezee. Imeshapoteza upepo. Kama bado inaruka sana, toboa kwa sindano ya kushonea viatu, tundu moja, ukiubana utoe pumzi. Haitakuwa kimya kama sponji ila mdundo unashuka. Mimi ndivyo ninavyofundishia.

Na hiyo raketi ya mninga, nina wanafunzi sitini. Tuzungumze faragha.

Nesi wa Zamu

Mninga? Raketi au mwiko wa pilau? Pimeni uzito kabla hamjampa mtoto, kiwiko chake ni kimoja kila upande.

Fundi Mbao Moro

Dada umesema kweli, nimepima, ni nzito kama nyundo. Ya pili natumia mkangazi, nimeipunguza unene.

Mpira nimepata kwa mlinzi wa jirani, mbwa aliutafuna kidogo. Nimetoboa. Unafika kiunoni kwa mtoto wa mwisho. Nimechora mistari kwa chaki ya fundi kwenye saruji ya mbele ya karakana, neti ni chandarua cha zamani nimekikunja mara mbili kati ya stuli mbili.

Hiyo ilikuwa saa tisa. Sasa ni saa kumi na mbili, karakana imejaa watoto wa mtaa mzima, raketi ni hiyo moja na mwiko wa mninga. Wameweka kandambili zao kwenye mstari ukutani kushika zamu, wala sikuwafundisha. Nimeomba kupiga kidogo, nimeambiwa nami niweke kandambili.